Mgomo wa 1926 Uingereza: wachimba makaa walikuwa wakaidi au walitoswa?

Swali nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nasoma utawala wa wafanyakazi chuoni. Tumefundishwa kwamba 1926 wachimba makaa ya mawe Uingereza waligoma, vyama vingine vikawaunga mkono, nchi ikasimama, alafu siku ya 9 mgomo ukafutwa bila kupata chochote. Mwenzangu anasema kosa ni la wachimbaji wenyewe, walikuwa wakaidi, wangekubali punguzo la mshahara wangebaki na kazi zao. Mimi nasema walisalitiwa. Nani yuko sahihi? Na nchi nzima ikigoma, serikali inabakije madarakani?"

Marahaba. Hili swali nakutana nalo kila mwaka darasani na kila mwaka darasa linagawanyika hivohivo, upande huu ukaidi, upande ule usaliti. Mimi naona wote wawili mnakodolea macho zile siku 9 wakati kazi ilishafanyika kwenye miezi 9 iliyotangulia. Upande mmoja ulitumia hiyo miezi kujipanga, upande wa pili ukaitumia kuamini kwamba haitafika huko.

Ila kwanza nikurekebishe kitu kimoja maana kwenye mtihani kitakugharimu. Wachimbaji hawakugoma. Walifungiwa geti. Mikataba ya zamani iliisha tarehe 30 Aprili 1926, wenye migodi wakabandika viwango vipya vya mshahara, vya chini, asiyevikubali hashuki mgodini. Watu kama milioni moja wakabaki nje. Waliogoma ni wale wengine, wa reli, mabasi, bandari, viwanda vya chuma, wapiga chapa, ambao mishahara yao wala haikuguswa, walitoka kwa ajili ya wenzao. Hilo tu ni jambo kubwa na watu hulipita haraka.

Sasa kwa nini matajiri walitaka kukata mshahara? Hapa inabidi uyaangalie makaa yenyewe. Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani milioni 287 na haijawahi kufika hapo tena. Makaa ya Wales kusini ndo yalikuwa yanaendesha meli za stimu duniani, meli ikipita bandari ya Aden kujaza makaa basi mara nyingi ni ya kutoka Cardiff. Vita vya kwanza vikaja, wateja wakajifunza kuishi bila makaa ya Mwingereza, na jeshi la maji la Uingereza lenyewe lilishaanza kuhamia mafuta, serikali ikanunua hisa nyingi kwenye kampuni ya mafuta ya Uajemi mwaka 1914. Soko likaanza kusinyaa polepole bila mtu kutaka kulisema kwa sauti.

Alafu ikatokea bahati ya uongo. Mwaka 1923 Wafaransa waliingia na jeshi kwenye bonde la Ruhr, kule Ujerumani kwenye migodi yao mikubwa, uchimbaji ukasimama, ghafla kila mtu Ulaya anataka makaa ya Uingereza. Bei juu, na 1924 wachimbaji wakapata mkataba mzuri. Wajerumani waliporudi kazini bei ikaporomoka, na mkataba ukabaki palepale ulipo, mzuri kuliko hali halisi.

Juu ya hapo akaja Churchill. Aprili 1925 yeye ndo waziri wa fedha, akairudisha pauni kwenye dhahabu, yaani thamani yake ikafungwa kwa dhahabu, kwa bei ileile ya kabla ya vita, dola 4.86 kwa pauni moja. Kwa heshima ya nchi ilipendeza sana. Ila fikiria wewe ni mnunuzi wa makaa kule Italia, jana tani ilikuwa na bei fulani, leo makaa ni yaleyale, mgodi uleule, meli ileile, ila kwa pesa yako imepanda kama asilimia 10 hivi. Unahamia kwa Mjerumani. Mchumi Keynes alipiga kelele kwamba hilo pengo litazibwa kwenye mfuko wa mchimbaji na ndivyo ilivyokuwa.

Kulikuwa na njia nyingine. Sekta nzima ilikuwa mikononi mwa zaidi ya kampuni elfu moja, nyingine na vishimo vya babu zao, mashine chache, kila mmoja na ofisi yake na mkurugenzi wake. Na chini ya sheria yao mwenye ardhi juu analipwa mrabaha kwa kila tani inayotolewa chini ya shamba lake, hata kama maisha yake yote hajawahi kushika sururu. Wangeweza kuunganisha migodi, kununua mashine, kuondoa huo mrabaha. Tume ya jaji Sankey mwaka 1919 ilishapendekeza migodi itaifishwe, serikali ya waziri mkuu Lloyd George ikaweka ripoti kabatini. Kwa hiyo matajiri wakabaki na dawa moja tu wanayoijua, kata mshahara, ongeza saa. Hata waziri wa kihafidhina, Lord Birkenhead, alisema angeweza kuwaita viongozi wa wachimbaji watu wajinga kuliko wote Uingereza, kama asingekuwa amekutana mara nyingi na wenye migodi.

Na huo mshahara unaokatwa ni wa kazi gani? Jamaa analala ubavu kwenye tabaka la makaa ambalo sehemu nyingine halifiki hata mita moja kwenda juu, sururu mkononi, vumbi, maji yanadondoka shingoni. Analipwa kwa tani. Maana yake ule muda wa kutembea amejiinamia chini ya ardhi mpaka yalipo makaa haumpi kitu, akikutana na mwamba badala ya makaa ni hasara yake kubishania na bosi. Akitoka anarudi nyumbani mweusi vilevile, anaoga kwenye karai mbele ya moto, mke anamsugua mgongo. Miaka hiyo walikuwa wanakufa migodini zaidi ya watu 1,000 kila mwaka, nchi ikiwa na amani. Saa 7 kwa siku walizipata 1919 tu. Ndo maana katibu wao A. J. Cook alipoanza kuzunguka na ile kauli ya hata peni moja isipungue kwenye mshahara, hata dakika moja isiongezwe kwenye siku, ilishika kama moto wa kifuu. Cook alikuwa amewahi kuhubiri kanisani, anaongea uwanjani mpaka sauti inakauka. Rais wao Herbert Smith ni kinyume chake, mzee wa Yorkshire na kofia yake ya kitambaa, maneno machache, ukimuuliza utaachia nini anakujibu hakuna.

Sasa twende kwenye ile miezi 9, na hapa nitakaa kidogo.

Aprili 1921 matajiri walishawahi kuwafungia wachimbaji geti. Vyama vya reli na usafiri vilikuwa na muungano nao na viliahidi kutoka pamoja, ilipofika Ijumaa ya tarehe 15 vikaingia mitini. Wachimbaji walibaki peke yao miezi mitatu wakashindwa. Wakaiita Ijumaa Nyeusi. Hiyo aibu iliwakaa viongozi wa vyama vingine rohoni, kwa hiyo Julai 1925 matajiri walipotangaza tena kukata, shirikisho la vyama, TUC, likasema safari hii makaa hayasafirishwi hata kipande. Waziri mkuu Baldwin akarudi nyuma, akatoa ruzuku ya miezi 9 kujazia mishahara, ikaja kugharimu kama pauni milioni 23. Tarehe 31 Julai ikaitwa Ijumaa Nyekundu, watu wakashangilia.

Hapo ndo pa kuangalia. TUC walipiga mkwara, mkwara ukafanya kazi, wakahitimisha kwamba mkwara unatosha. Serikali kumbe ilikuwa imenunua muda. Kwenye hiyo miezi iligawa nchi kwenye kanda na kila kanda na kamishna wake mwenye mamlaka, ikapanga malori, ikahesabu akiba ya chakula na makaa, ikaacha jumuiya ya kiraia iandikishe watu wa kujitolea, Oktoba ikakamata viongozi 12 wa chama cha kikomunisti. TUC ilijipanga nini? Karibu hamna. Mipango ya nani atoke lini iliandikwa siku za mwisho kabisa, Ernest Bevin wa chama cha usafiri ndo akajitahidi kuweka mambo sawa kwa haraka.

Na tazama tarehe ambayo ruzuku inaisha. Mwisho wa Aprili. Baridi imekwisha, watu wanazima moto majumbani, ghala zimejaa makaa. Kumfungia mchimba makaa geti mwezi wa tano ni sawa na kumgomea muuza miavuli wakati wa kiangazi. Wachimbaji wa baadaye walilijua hili, mwaka 1972 walitoka Januari wakashinda, 1984 ugomvi ukaanza Machi wakakaa nje mwaka mzima wakashindwa. Sisemi msimu ndo kila kitu ila mtu akikupangia tarehe ya kupigana uliza kwa nini ile.

Machi 1926 ikatoka ripoti ya tume ya serikali kuhusu makaa, chini ya Herbert Samuel. Ilisema sekta ipangwe upya na mrabaha uchukuliwe na serikali, sawa, ila ruzuku ikome na mishahara ipungue kwanza. Wachimbaji wakakataa kupunguzwa kwanza wakisubiri mabadiliko ambayo hakuna anayeyadhamini, walishaonja Sankey. Matajiri nao walikataa, wao walitaka saa ziongezwe na mikataba iwe ya mkoa kwa mkoa. Hili la mkoa kwa mkoa ndo lilikuwa moyo wa ugomvi. Nottinghamshire tabaka la makaa ni nene na rahisi kuchimba, soko ni la ndani, mgodi unaweza kulipa vizuri. Durham na Wales kusini wanategemea kuuza nje, hao ndo watakaokatwa mpaka kwenye mfupa. Mkataba wa nchi nzima unawafunga wote kamba moja, ukiukata umewagawa. Kumbuka Nottinghamshire, nitairudia.

Mazungumzo yakafika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei. TUC wako Downing Street, kwa waziri mkuu, wanatafuta maneno ya kuokoa jahazi, ndo ikaja habari kwamba wapiga chapa wa gazeti la Daily Mail wamekataa kuchapa tahariri inayowashambulia wafanyakazi. Hakuna aliyewatuma. Baldwin akakamata hapohapo, akavunja mazungumzo. Wajumbe wa TUC wakaandika barua ya kukana kitendo kile, waliporudi kuipeleka wakakuta chumba kiko giza, waziri mkuu kashaenda kulala. Yaani watu wanaingia kwenye mgomo mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi yao huku wanapapasa gizani wakitafuta mtu wa kumuomba radhi.

Mgomo wenyewe ulikuwa wa ajabu kwa nidhamu. Waliitwa kwa mafungu, kwenye kada zilizoitwa wakatoka karibu wote, kama milioni moja na nusu na zaidi, ukijumlisha wachimbaji unapita milioni mbili na nusu. Treni zikasimama. Mabasi machache yaliyotembea London yalikuwa na senyenge kwenye boneti na polisi pembeni ya dereva, dereva mwenyewe mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anaota kuendesha basi tangu utotoni. Plymouth wagomaji walicheza mpira na polisi, wagomaji wakashinda 2-1. Wenzetu huwa wanapenda sana kuisimulia hiyo ya mpira, ila tarehe 10 huko Cramlington kaskazini wachimbaji waling'oa reli treni ya abiria ikaanguka, bahati hakufa mtu, na waliokamatwa nchi nzima walikuwa maelfu. Haikuwa pikiniki.

Kosa kubwa la TUC la kiufundi, kwa maoni yangu, ni kuwatoa wapiga chapa siku ya kwanza. Walizima magazeti, yakiwemo ya upande wao. Kilichobaki ni redio, na redio BBC ilikuwa haimkaribishi hata kiongozi wa upinzani Ramsay MacDonald aongee. Churchill akaanzisha gazeti la serikali, British Gazette, anaita wagomaji maadui, TUC wakatoa lao British Worker na Churchill akaanza kuwanyima karatasi. Mtu aliyeko kijijini Mei 1926 habari zote anazipata kwa mtu anayetaka wagomaji washindwe.

Sasa lile swali lako, serikali inabakije. Inabaki kwa sababu waliokuwa wanaongoza mgomo hawakutaka iondoke. Serikali ilisema wazi huu si ugomvi wa mshahara, ni katiba, anatawala nani, bunge au TUC? TUC wakajibu hapana jamani, ni mshahara tu. Lakini ukishasimamisha reli zote za nchi huwezi kusema ni mshahara tu. Malori ya chakula yalikuwa yanapita mitaani na karatasi iliyobandikwa, kwa ruhusa ya TUC. Hiyo ruhusa ni ya kiserikali, wao wenyewe ikawatisha. J. H. Thomas, kiongozi wa watu wa reli, alisema bungeni siku ya mwisho kabla ya mgomo kwamba katika kupambana na katiba, Mungu atusaidie isipokuwa katiba ishinde. Huyo ndo jemadari wako, anaomba adui ashinde! Maji wakayavulia nguo, kuyaoga wakaogopa. Alafu tarehe 6 mwanasheria mkubwa John Simon akasema bungeni mgomo ni haramu na kila kiongozi anaweza kudaiwa mali zake mpaka senti ya mwisho. Wanasheria wengi baadaye walimpinga ila wakati ule kazi yake ilishafanya, watu walikuwa na nyumba.

Samuel akarudi kama mtu binafsi na karatasi ya mapendekezo, serikali haikuisaini wala haikuiahidi. TUC wakaikubali. Wakawapelekea wachimbaji, wakakataa maana bado ilikuwa na punguzo. Tarehe 12 Mei mchana TUC wakaenda Downing Street bila wao. Hata mlangoni ofisa mkubwa Horace Wilson aliwauliza kwanza kama wamekuja kufuta mgomo, ndo wakaruhusiwa kuingia. Mwenyekiti Arthur Pugh akautamka mwisho wa mgomo, Bevin akajaribu kuuliza habari ya watu kurudishwa kazini bila kisasi, Baldwin akamjibu maneno ya jumla. Hakuna kitu kilichoandikwa. Siku hiyohiyo mafundi mitambo na wajenzi wa meli ndo kwanza walikuwa wanatoka, na kesho yake waliokuwa nje waliongezeka kwa sababu waajiri walianza kuchagua nani arudi na kwa masharti gani.

Ukitaka kulinganisha, mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 nao ulimalizwa kwa ahadi, Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika kwenye baraza la kutunga sheria la Kenya, aliwashawishi watu warudi, ila kulikuwa na baraza la usuluhishi chini ya jaji Thacker na kweli likatoa nyongeza. TUC hawakuwa hata na hilo.

Wachimbaji wakabaki peke yao, mara ya pili. Miezi 7 jumla. Huko Wales kiangazi kilikuwa kizuri, watu wakaanzisha bendi za mtaani za kupuliza vijifilimbi, wanavaa nguo za maigizo wanashindana mtaa kwa mtaa, jiko la pamoja linapika supu shuleni, mafundi wanakaa kuziba viatu vya watoto bure, usiku wengine wanachimba makaa ya juujuu mlimani kuuza kwa gunia. Vyama vya Kisovieti vilituma zaidi ya pauni milioni moja. Kisheria mgomaji mwenyewe hapati msaada wa maskini, mke na watoto ndo wanapata, na halmashauri zilizotoa kwa mkono mpana kama West Ham na Chester-le-Street serikali ikazifuta ikaweka watu wake. Julai bunge likaruhusu saa 8. Makaa yakawa yanaletwa kutoka nje.

Baridi iliporudi ndo nyufa zikaonekana, na zilianzia palepale nilipokwambia, Nottinghamshire. Mbunge George Spencer, mtu wa chama chao wenyewe, akapatana na matajiri wa mkoa wake akaanzisha chama kingine. Mwisho wa Novemba hata Durham walishuka mgodini. Saa ndefu, mshahara mdogo, mikataba ya mkoa kwa mkoa, na waliokuwa mstari wa mbele wengi hawakuitwa tena. Mwaka 1927 sheria ikapiga marufuku migomo ya kuunga mkono wenzako, ikaja kufutwa 1946.

Kwa hiyo usaliti upo, siukatai, ila neno lenyewe linafanya ionekane kama watu wachache waliamka asubuhi moja wakauza wenzao. Ninavyoona mimi TUC hawakuwahi kuwa na mgomo, walikuwa na tishio la mgomo, na siku tishio lilipoitwa mezani hawakuwa na kitu cha pili. Na wachimbaji nao wana lao, walikabidhi ugomvi wao kwa watu wengine bila kukubaliana mapema nani ana haki ya kuumaliza. TUC waliamini wamepewa mamlaka yote, wachimbaji waliamini hakuna kitakachosainiwa bila wao. Hilo lilitakiwa liandikwe mapema na halikuandikwa.

Mwenzako anayesema wangekubali wangebaki na kazi, muonyeshe namba. Katikati ya miaka ya 1920 migodi iliajiri kama watu milioni 1.2. Walirudi kwa masharti yote aliyoyataka tajiri, saa 8, mshahara wa chini, kila kitu, na kufika 1933 walikuwa wamebaki karibu 800,000.